Ung'ongo Uani

Uani, penye kivuli cha mwembe, wanawake wanasuka ukili. Ukindu umekwisha kuchemshwa kwa rangi, mwingine zambarau, mwingine kijani, mwingine umeachwa na weupe wake, na vidole vinapishana bila kutazamwa kwa sababu macho yamo kwenye mazungumzo. Pembeni, juu ya mchanga uliofagiliwa alfajiri, umeanguka ung'ongo mmoja. Jua limeukunja kidogo, ncha yake imeinuka, na upepo ukipita unatikisika. Ni jani lililochanwa tu: halina meno, halina sumu, halina hata uzito wa kumwamsha kuku aliyelala. Na bado wahenga waliutazama ung'ongo kama huu wakasema, mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Tumeizoea mno methali hii. Tunaitoa tukizungumzia mikopo iliyotuumiza, wachumba waliotudanganya, vyama vilivyotuahidi maji na barabara. Lakini ukiikalia kwa muda unaona ndani yake uadilifu ambao hatuonyeshani kila siku. Wahenga hawakumcheka anayeshtuka. Hawakusema ni mwoga, wala kwamba amerogwa, wala kwamba imani yake haba. Walimtanguliza nyoka. Kwanza mtu katafunwa, ndipo anashtuka. Na aliyefika uani wakati wa kushtuka, asiyejua habari za nyoka, amekuta kisa katikati na hana haki ya kukitolea hukumu. Hekima nzima imo katika mpangilio huo. Leo wapo watu wanaosoma miaka mingi ili wajifunze kuwahudumia waliopitia vita, waliobakwa, waliofiwa wakingali wadogo, na jambo la kwanza wanalofundishwa ni hilohilo: usianze na anavyotapatapa, anza na kilichompata.

Ukimuuliza aliyetafunwa, atakwambia anajua kabisa kwamba ule ni ung'ongo. Anajua. Lakini moyo umekwisha kwenda mbio, viganja vimelowa, miguu imeruka nyuma kabla ujuzi huo haujafika. Ndivyo tulivyoumbwa. Ubongo una sehemu inayolinda uhai, na hiyo hukimbia kuliko ile inayopima na kufikiri. Ikishafundishwa hatari mara moja haihitaji somo la pili. Siku za mwanzo kushtuka huko ni kurehemewa, kwa maana nyoka huenda bado yuko kwenye majani. Taabu huanza miezi inapopita, nyasi zimefyekwa, nyoka kauawa na watu wamesahau, naye aliyetafunwa bado hatoki uani, usiku halali, na akiguswa begani bila kutarajia humpiga aliyemgusa, hata akiwa mwanawe. Hiyo ndiyo hali tunayoiita kiwewe. Anayeishi ndani yake hakumbuki lililopita jinsi wewe na mimi tunavyokumbuka harusi au mtihani wa darasa la saba. Kwake halijapita.

Nchini Rwanda ung'ongo ni mvua. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994, katikati ya masika, yakaendelea kwa siku zipatazo 100. Huko Bugesera, kusini mwa Kigali, watu walijificha kwenye vinamasi, wamezama topeni katikati ya mafunjo, wakingoja jua lishuke na wauaji warudi makwao. Mafunjo ni mmea wa heri, mmea wa kusukia mikeka. Ulikuwa ukivunwa kwa ajili ya nyumba za maharusi na wazazi. Tangu mwaka ule yupo mtu asiyeweza kuusikia ukichakarika. Kila Aprili, watu wanapokusanyika kuwakumbuka wafu wao, wapo wanaopiga mayowe, wanaokimbia, wanaotafuta pa kujificha mchana kweupe, maana mvua imewarudisha mlemle kwenye kinamasi. Wanyarwanda waliipa hali hiyo jina la kwao, ihahamuka, na wahudumu wakajifunza kukaa tayari pembeni ya viwanja vya maombolezo.

Sikitaji kinamasi ili niogofye. Nakitaja kwa sababu ya kilichofuata. Daktari Naasson Munyandamutsa, aliyerudi nyumbani kutoka Uswisi baada ya mauaji, alikuta nchi nzima imejeruhiwa, na madaktari wa akili ni wachache kupita kiasi. Hakukuwa na hospitali ambayo ingewapokea wote, wala isingefaa, kwa kuwa kilichovunjika hakikuwa ndani ya mtu mmojammoja peke yake. Kilichovunjika kilikuwa kati ya jirani na jirani. Mwaka 2005, huko Byumba kaskazini mwa nchi, vikaanza vikundi vinavyoitwa Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Watu kumi na kadhaa wa kijiji kimoja, wakiwamo manusura na wakiwamo ambao ndugu zao walikuwa gerezani kwa kuua, hukaa pamoja kila wiki kwa wiki 15. Na tazama wanavyopanga mwendo wao: huanza na usalama, kisha kuaminiana, kisha kutunzana, kisha heshima, kisha kutazama maisha ya mbele, na mwisho kabisa ndipo hufika kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu mwisho! Sisi wenye haraka tungeanza nayo. Tungemkalisha mtu kitini na kumwambia, haya, eleza yaliyokupata. Wao wanafahamu kwamba hakuna anayemwonyesha mwenzake kidonda kabla ya kujua kama mikono itakayokigusa ni safi.

Hapa Afrika ya Mashariki tuna sababu zetu za kuihofia tiba ya nafsi, na ni vizuri kuzikiri kabla ya kuwalaumu watu kwa ujinga. Ukimwambia Mtanzania akamwone daktari wa akili, jina la kwanza kumjia ni la hospitali ya Mirembe. Mkenya atasikia Mathari. Nyumba hizo zilijengwa chini ya Waingereza, wakati mtu aliyevurugikiwa akili alihesabiwa kuwa kero ya kuondolewa barabarani. Mathari iliongozwa kuanzia 1938 hadi 1950 na daktari aliyeitwa J. C. Carothers, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake iliyomlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ilipomwita aeleze uasi wa Mau Mau, alitafuta chanzo katika nafsi ya Mkikuyu aliyekwama kati ya mila na usasa. Mashamba yalikuwa yamechukuliwa na watu wamegeuzwa vibarua kwenye ardhi ya babu zao, lakini daktari aliandika habari za kushtuka akamwacha nyoka. Uongo wa namna hiyo unapotoka kinywani mwa tabibu haufi haraka. Mpaka leo, mama anaposita mlangoni pa kliniki, huenda anasita palepale aliposita bibi yake.

Mwaka uleule wa 1953, upande mwingine wa bara, Frantz Fanon alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, Algeria. Ni yeye aliyekuja kuandika, katika kitabu ambacho Waswahili wanakifahamu kama Viumbe Waliolaaniwa, juu ya vidonda vya nafsi ambavyo ukoloni na vita viliwaachia walioteswa na hata waliotesa, na ndani yake akamjibu Carothers. Kisa chake cha Blida kinanivutia zaidi kwa kuwa kinaanza na kushindwa. Alikuwa amejifunza Ufaransa kwamba wagonjwa hupona haraka wakipewa maisha ya pamoja: sherehe, filamu, gazeti la wodini. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu njia hiyo ilifanya kazi vizuri. Katika wodi ya wanaume Waislamu haikufanya lolote. Walikaa kimya, wakatazama pembeni, wakarudi vitandani. Fanon na mwenzake Jacques Azoulay hawakuandika kwamba watu wale hawana akili ya kutibika. Walijiuliza upya walikuwa wamewaletea nini. Wakafungua mkahawa wa Kiarabu ndani ya hospitali, wakaanza kuadhimisha sikukuu za Kiislamu, wakamleta msimulizi wa hadithi. Watu wakaanza kuzungumza.

Nikisoma hayo naukumbuka msiba wa kwetu, kwa sababu msiba ni mahali ambapo sisi tulikwisha jua, kabla ya daktari yeyote kutufundisha, namna ya kukaa na aliyejeruhiwa. Habari ikitoka, hakuna anayengoja mwaliko. Turubai linafungwa, majamvi yanatandikwa, sufuria kubwa zinatoka kwa majirani, na kabla jua halijazama nyumba iliyokuwa na watu wanne ina watu hamsini. Wanawake wanakaa chini na mfiwa, goti kwa goti. Hamna anayemtaka aongee. Akitaka kulia, kuna kifua. Akitaka kunyamaza, kuna wanaonyamaza naye. Akisahau kula, mkono wa shangazi unampelekea tonge kinywani. Usiku hawamwachi, wanalala palepale, kanga zimefunika miguu, na akiamka saa tisa za usiku na kukumbuka upya kwamba mume wake amekufa, anasikia pumzi za watu pande zote. Kwa Waislamu kuna hitima, kuna arobaini, kuna eda ya miezi minne na siku kumi ambamo mjane haharakishwi kurudi duniani. Kwa Wakristo kuna mkesha, na kuna nyimbo ambazo jumuiya huziimba kwa sauti nne hadi alfajiri. Mtaalamu akitaka kujua usalama unavyojengwa kuzunguka mwili unaotetemeka, aje akae kwenye jamvi kwa usiku mmoja.

Lakini jamvi hukunjwa. Siku ya tatu, au ya saba, kadiri ya kabila na uwezo wa mfuko, tanga huanuliwa. Turubai linarudi kwa mwenyewe, sufuria zinarudi kwa majirani, na hata watu wazuri kabisa wana mashamba na kazi. Hilo halina lawama. Linaloniuma ni kwamba wapo ambao hata siku hizo tatu hawakuwahi kutandikiwa chochote. Aliyebakwa hana msiba. Mwili wake haukubebwa kwenye jeneza, kwa hiyo hakuna anayekuja na unga na sukari. Wanaokuja, wakija, huja usiku, na neno lao ni moja: funika kombe mwanaharamu apite. Afunike, kwa ajili ya heshima ya baba, kwa ajili ya ndoa za wadogo zake. Askari aliyerudi kutoka vitani hana msiba wa aliyoyaona. Kijana aliyepigwa na mzazi wake miaka kumi hana msiba, kwa sababu aliyeiua furaha yake yu hai na anaheshimiwa msikitini au kanisani. Mwanamume yeyote ana msiba wa dakika chache: jikaze, wewe ni baba. Na mtoto, Mungu wangu, mtoto hupelekwa kwa jirani.

Tumeona wote jambo hili. Mama wa nyumba amekufa, na kwenye pilikapilika za kupokea wageni mtu mmoja anakumbuka kwamba kuna wadogo. Wanashikwa mkono, wanapelekwa nyumba ya tatu, wanapewa chai na mandazi, wanaambiwa mama amesafiri. Nia ni njema, nayo ni huruma ya watu wazima wasiojua la kusema. Lakini mtoto ana masikio. Amesikia kilio na ameona jeneza kupitia tundu la ua. Sasa ana mambo mawili ya kubeba, kifo na uongo, na hana wa kumuuliza hata moja. Atangoja kwenye kona ya barabara. Baada ya muda atajitungia maelezo yake, na kwa kuwa ni mtoto, maelezo hayo karibu kila mara yatamweka yeye mwenyewe katikati: mama aliondoka kwa sababu nilimkasirisha. Wala usidhani atalia. Atakojoa kitandani, atapigana shuleni, ataacha kula, ataanguka mtihani, nasi tutamwita mtundu na kutafuta fimbo.

Kwa watoto hao imefanyika kazi ambayo natamani ingejulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto 640 wa umri wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili waliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Nusu walipewa tiba ya mazungumzo, nusu wakaendelea na huduma za kawaida zinazotolewa kwa yatima. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa palepale waliofundishwa na kusimamiwa kwa karibu, wanaojua mtoto wa Kichaga humwamkiaje bibi yake na kwa nini hatakutazama usoni anapoongea nawe. Watoto walikaa kwa vikundi, mara 12, wiki baada ya wiki. Walezi nao, wengi wao wakiwa mabibi na mashangazi, walikaa kwa kikundi chao, kwa sababu bibi aliyemzika binti yake naye ni mfiwa na hakuna aliyemuuliza. Watoto walifundishwa kupumua taratibu hofu inapopanda. Walifundishwa kuyapa majina yale yanayotokea kifuani. Kisha, kila mmoja faragha na mshauri wake, akakisimulia kifo cha mzazi, kidogokidogo, hadi alipoweza kukitaja chote bila kuzama. Na baada ya hapo, jambo ambalo kwangu ndilo tamu kuliko yote, alikaa na mlezi wake wakazungumza waziwazi juu ya marehemu.

Matokeo hayakuwa ya miujiza, na kwa hilo nayaamini. Tiba ilipokwisha, katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti huo, waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao. Mwaka mmoja baadaye, upande wa Kenya tofauti ilikuwa bado dhahiri. Upande wa Tanzania wale wengine nao walikuwa wamefikia nafuu hiyohiyo. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kiliwafikisha. Pengine ni bibi, pengine ni shule, pengine ni wakati wenyewe. Muda huponya baadhi ya watu, na wapendwa wanaokaa karibu huponya wengi. Lakini hatuna njia ya kujua mapema ni mtoto yupi atakayeponywa na muda na ni yupi atakayeharibiwa nao, na hilo linatosha kutunyima haki ya kungoja.

Kivu ya Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kuna kazi nyingine ya aina hii, na mazungumzo yake yalifanyika kwa Kiswahili hikihiki pamoja na lugha nyingine za huko. Jimbo lile limepigwa na vita tangu miaka ya 1990, na ubakaji umetumika kama silaha. Daktari Denis Mukwege, aliyeianzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999 na kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, ameyatumia maisha yake kushona miili iliyochanwa, na tangu zamani anasisitiza kwamba mshono wa mwili peke yake haumrudishi mtu nyumbani. Katika utafiti uliofanywa jimboni humo na kuchapishwa 2013, wanawake wa vijijini waliobakwa walikaa kwa vikundi, wakiongozwa na wanawake wenzao wenye elimu ya kawaida tu waliopewa mafunzo, wakaanza kuchambua mawazo yaliyowafunga: kwamba wao ndio waliojiletea, kwamba hawafai tena kushika chakula cha watu, kwamba hakuna wa kuaminiwa. Wengi wao hawakujua kusoma. Vita havikuwa vimekwisha; baadhi ya vijiji vilikuwa bado katika hatari. Hata hivyo waliokaa kwenye vikundi walipona kuliko waliosaidiwa mmojammoja, na kwa tofauti kubwa. Jambo moja naliheshimu kupita yote: kikundi hakikumlazimisha mwanamke yeyote kusimulia alivyobakwa. Siri ya mwili wake ilibaki yake. Alichotakiwa kuleta ni mzigo aliobebeshwa baada ya tukio.

Najua kuna watakaosema, hayo yote yanafanywa na waganga wetu tangu zamani. Sina haraka ya kuwapinga. Pwani, ngoma ya pepo imewapa wanawake wengi saa chache za kusema wasiyoruhusiwa kuyasema mchana. Mgonjwa anakaa, ubani unafuka, ngoma zinalia, watu wamemzunguka wanaitikia, na anaulizwa kwa heshima wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini. Ni lini tena katika maisha yake mke wa mtu aliulizwa anataka nini, na kijiji kizima kikanyamaza kungoja jibu? Kuna maarifa pale ambayo chuo hakijayamaliza kuyasoma. Lakini kuna waganga, na kuna watumishi wa maombi pia, wanaowafunga watu minyororo, wanaowapiga ili pepo atoke, wanaowashindisha njaa na kuwachukulia mbuzi wa mwisho. Kumfunga mnyororo mtu ambaye tayari alifungwa na wabakaji ni kumrudishia nyoka amtafune mara ya pili, na utamaduni hauwezi kuwa kisingizio. Mila yenye haki ya kuheshimiwa ni ile inayomheshimu mgonjwa.

Daktari naye atimize wake. Mkimbizi wa Kikongo aliyeishi miaka katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, kisha akahamishiwa Marekani, huketishwa mbele ya mtaalamu mwenye nia njema na mkalimani wa Kiswahili. Mara nyingine mkalimani ni kijana wa rika la mwanawe, na mama hawezi kutamka mbele ya mtoto maneno yanayotakiwa. Au ni mtu wa kabila ambalo kwake lilikuja na panga. Au ni wa jamaa ya kanisa lake, na kesho habari itakuwa imefika kwaya nzima. Anainamisha macho kwa adabu, inaandikwa kwamba ana kitu anaficha. Anaanza kisa chake kwa babu yake na kijiji alichotoka, kwa kuwa kisa chake hakina pengine pa kuanzia, anaombwa aende kwenye tukio. Ameshakisimulia kwa afisa wa kambi, kwa afisa wa uhamiaji, kwa daktari wa mapafu, na kila mara kilitumika kupima kama anasema kweli. Mtu kama huyo anahitaji aambiwe kwanza mlango uko wapi, kwamba anaweza kuuacha wazi, kwamba anaweza kukataa swali na bado atapewa dawa, kwamba anaweza kuchagua mkalimani mwanamke. Mambo hayo hayana gharama kubwa. Yanataka tu mtaalamu akubali kwamba mbele yake ameketi mama wa watu, na ampe heshima anayostahili mama.

Na kwetu nyumbani tuache kuitumia dini kuzibia midomo. Tunawaambia wafiwa wasilie, kazi ya Mungu haina makosa, kana kwamba machozi ni kesi dhidi ya Mwenyezi. Mtume Muhammad alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba. Nabii Yaakub alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na katika Kurani ni yeye huyo anayesema atashika subira njema. Yesu alimlilia Lazaro ilhali alijua atamfufua. Subira ya hao haikuwa kunyamaza. Ilikuwa kuendelea kumsogelea Mungu na kidonda kikiwa wazi. Sheikh, padri na mchungaji wanaolijua hilo wangeweza, kwa hotuba moja ya Ijumaa au Jumapili, kuwafungulia milango watu ambao zahanati haitawafikia kwa miaka mingi.

Ninachokiomba kinajulikana na kinawezekana. Bungoma, Moshi, Byumba na Kivu zimekwisha kuonyesha kwamba mtu wa kawaida, mwenye moyo tulivu, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kuwahudumia waliojeruhiwa kwa lugha yao na kwa adabu zao. Wizara zetu za afya zimwajiri mtu huyo katika kila zahanati, zimlipe mshahara badala ya kumpongeza kwa kujitolea, na zimpe chumba chenye mlango. Shule zimfahamu mwalimu aliye na sikio, zimpunguzie vipindi. Na wewe usingoje wizara. Jamvi likishakunjwa, rudi wiki ya pili, rudi mwezi wa tatu, kaa na mfiwa bila ajenda. Msichana akikudokezea jambo jikoni, usimwambie afunike. Zima jiko, mwamini, mpeleke anakoweza kutibiwa na kulindwa. Na kama katika nyumba yako yumo mtoto ambaye bado anaambiwa mama amesafiri, mwite leo, mkalishe karibu, mwambie mama amekufa, mwambie kwamba yeye hakufanya kosa lolote, kisha mpeleke kaburini akapaone.